Mwerevu Nyumbani, Kimya Darasani

Mwaka 1977 Akademia ya Sayansi ya New York ilichapisha makala iliyouliza, tangu kwenye kichwa chake, kwa nini watoto wa Kiafrika ni wagumu kupimwa. Waandishi, Sara Harkness na mumewe Charles Super, hawakuwa wakizungumzia Afrika nzima. Walizungumzia Kokwet, jamii ya wakulima wa Kipsigis katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya, ambako waliishi na kufanya utafiti kwa miaka mitatu kuanzia 1972. Kipimo kilikuwa chepesi: mtoto anasimuliwa hadithi fupi, kisha anaombwa aisimulie yeye. Mtoto wa Marekani huuona huo ni mchezo. Wengi wa watoto wa Kokwet walitazama chini, wakanyamaza.

Mpimaji mwenye haraka angeandika sifuri akafunga daftari. Harkness na Super walikuwa wakaazi wa kijiji, wakijua kwamba watoto hao wakiwa wao kwa wao maneno hayawapigi chenga. Walinyamaza kwa sababu walikuwa wamelelewa vyema. Katika nyumba za Kokwet mtoto wa miaka miwili au mitatu alisemeshwa na mama kwa maagizo zaidi kuliko kwa maswali: leta kikombe, fukuza kuku, mshike mdogo wako. Alionyesha kwamba ameelewa kwa kutenda. Mama waliwaambia watafiti kuwa mtoto hujifunza kuzungumza kutoka kwa ndugu zake na watoto wenzake, kwa hiyo hawakuona sababu ya kukaa naye chini na kumfundisha maneno. Mbele ya mtu mzima, tena mgeni, adabu ilikuwa kusikiliza.

Kila Januari jambo hilo hujirudia katika madarasa ya chekechea ya Sosiot. Sosiot ni kituo cha biashara na ofisi za serikali katika eneo la Belgut, Kaunti ya Kericho, ambako mashamba madogo ya chai, mahindi na ng'ombe wa maziwa yamebanana hadi kando ya barabara. Mtoto wa miaka minne anaingia PP1, yaani mwaka wa kwanza wa chekechea, akiwa na gambuti na sweta jipya lililomzidi kimo. Mwalimu anamwuliza jina. Mtoto anatazama gambuti zake. Mwalimu anarudia kwa sauti kubwa zaidi, mtoto anazidi kuinama. Baada ya wiki mbili za hali hiyo ni rahisi mno kumhesabu miongoni mwa wale ambao "bado hawajakomaa", na hesabu hiyo ya mwanzo ina tabia ya kumfuata mtoto kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote anavyokusudia.

Sosiot si Kokwet, na miaka hamsini si kidogo. Simu zimeingia kila nyumba, kuna akademi za kibinafsi, na mama wengi wachanga wamemaliza sekondari na huzungumza na watoto wao zaidi kuliko walivyosemeshwa wao. Lakini heshima ya mtoto mbele ya mkubwa bado inafundishwa kwa bidii katika nchi hii ya Wakipsigis, na ni vyema ifundishwe. Shida inaanza pale mwalimu anapokuwa hana njia ya kujua kwamba kimya anachokiona ni malezi. Njia hiyo ni mzazi, na kwa muda mrefu mzazi ameitwa shuleni kwa kila sababu isipokuwa hiyo.

Super aliwahi kueleza mfano mwingine kutoka Kokwet ambao kila mwalimu wa watoto wadogo angefaa kuujua. Watafiti wa zamani walipenda kusema kwamba watoto wachanga wa Kiafrika hukua haraka kimwili, kana kwamba ni jambo la damu. Katika makala yake ya 1976 alionyesha kuwa watoto wa Kokwet walikaa na kutembea takriban mwezi mmoja kabla ya watoto wa Marekani, lakini katika kutambaa hawakutangulia. Sababu? Mama wa Kipsigis walifundisha kukaa. Walichimba kishimo kifupi ardhini, wakamweka mtoto humo huku amezungushiwa blanketi zilizokunjwa ili asianguke. Walifundisha kutembea pia, wakimshika mikono kila siku. Kutambaa hawakukufundisha. Mtoto alijua alichofundishwa.

Walimu hao wa kwanza, mama na nyanya, walikuwa na mtaala, japo haukuandikwa popote. Walikuwa na mitihani pia. Harkness na Super walipowauliza wazazi wa Kokwet ni mtoto yupi mwerevu, walitofautishiwa werevu wa aina mbili: ng'om en ga, yaani werevu wa nyumbani, na werevu wa shule. Mwerevu wa nyumbani ni mtoto ambaye baada ya kula hufagia bila kuambiwa, huosha vyombo, hutafuta mboga, humtunza mdogo wake hadi mama arudi. Ni yule anayemwona ndama akielekea kwenye mahindi na kumgeuza kabla mtu hajapiga kelele. Wazazi walijua vizuri kwamba mtoto anaweza kuwa na werevu mmoja akakosa mwingine.

Uwezo wa kuona jambo linalohitajika na kulitenda bila kusukumwa ni kitu ambacho shule za awali za nchi tajiri hutumia vitabu vizima kujaribu kukipandikiza. Mtoto wa Sosiot mara nyingi anakuja nacho tayari, na shule haina mahali pa kukiandika. Ng'ambo ya pili ya Nyanza, huko Usenge karibu na Ziwa Viktoria, kundi la watafiti likiongozwa na Robert Sternberg liliwapima watoto 85 wa Kijaluo juu ya maarifa yao ya dawa za miti shamba, kisha juu ya msamiati wa Kiingereza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001. Waliojua sana dawa walielekea kupata alama za chini katika Kiingereza. Familia zilikuwa zimechagua, au zimechaguliwa na hali, mahali pa kuweka nguvu zao. Mwalimu aliyetazama alama za Kiingereza peke yake asingejua kamwe kwamba mbele yake ameketi mtoto anayeweza kutambua majani ya kutibu tumbo.

*

Ili kuelewa kwa nini mzazi na mwalimu wa chekechea walizoea kukutana kwenye mambo ya pesa na mbao, lazima kurudi nyuma, na katika nchi ya Kericho kurudi nyuma ni kurudi kwenye chai. Kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilifungua mashamba yao makubwa hapa katika miaka ya 1920, kwenye ardhi ambayo Wakipsigis waliondolewa. Shule ya serikali ya Kabianga, ambayo sasa ina chuo kikuu jirani yake, ilianza mwaka 1925. Lakini watoto wadogo hawakuwa na habari na Kabianga. Vituo vya mwanzo vya kuwatunza watoto wa Kiafrika nchini Kenya vilifunguliwa miaka ya 1940 katika mashamba ya chai, kahawa na miwa, na kusudi lake lilikuwa kuiacha mikono ya mama iwe huru kuchuna. Wakati wa Hali ya Hatari miaka ya 1950 vituo vya namna hiyo vilienea katika vijiji vya Mlima Kenya ambako mama walilazimishwa kufanya kazi za umma. Ilikuwa sehemu ya kuwekea watoto. Hakuna aliyemwuliza mzazi chochote.

Baada ya Uhuru, wito wa Harambee uligeuza mambo. Kijiji kilichanga, kikajenga chumba cha udongo au mbao kando ya kanisa au shule ya msingi, kikatafuta msichana wa hapohapo aliyemaliza darasa la saba au la nane, kikamwita mwalimu. Mshahara wake ulitoka mfukoni mwa wazazi, mwezi ukiwa mzuri. Serikali iliingia polepole: mwanzoni mwa miaka ya 1970 Taasisi ya Elimu ya Kenya ilianza mradi wa elimu ya awali kwa msaada wa Wakfu wa Bernard van Leer wa Uholanzi, mwaka 1984 kikaundwa kituo cha kitaifa cha elimu ya watoto wadogo, NACECE, na mwaka uliofuata vituo vya wilaya. Kupitia vituo hivyo maelfu ya wanawake hao wa vijijini walipata mafunzo wakati wa likizo, miaka miwili, huku wakiendelea kufundisha. Katika historia ya elimu ya Kenya ni watu wachache waliofanya kazi kubwa kiasi hicho kwa malipo madogo kiasi hicho.

Utaratibu wa Harambee ulikuwa na mema na mabaya yaliyofungamana. Mwalimu alikuwa mtoto wa jirani. Alijua nyumba ya nani ina mgonjwa na ng'ombe wa nani amekauka. Wakati huohuo alikuwa mdai. Mtoto alirudishwa nyumbani kwa karo, mama akanuna, na siku ya pili wakakutana kisimani. Uhusiano wa watu wawili wanaompenda mtoto mmoja ulikuwa umebebeshwa deni.

Kisha Januari 2003 serikali ya Mwai Kibaki ikafanya elimu ya msingi kuwa bila malipo, na chekechea ikaachwa nje. Wazazi walipiga hesabu ya wazi kabisa: kwa nini nilipe nasari ilhali darasa la kwanza ni bure? Wengine waliwaondoa watoto, wakangoja wafike umri wa darasa la kwanza. UNESCO ilipochunguza matokeo ya sera hiyo miaka michache baadaye, ilieleza jinsi vituo vya awali vilivyopoteza watoto na walimu wao kupoteza mapato. Mwalimu wa kijijini alilipia elimu ya bure ya wenzake.

Katiba ya 2010 ilikabidhi elimu ya awali kwa kaunti, na kuanzia 2013 kaunti zikaanza kuajiri walimu na kujenga madarasa. Kwa mwalimu hili lilikuwa jambo jema, hata kama malipo na mikataba vimebaki malalamiko kutoka kaunti hadi kaunti hadi leo. Kwa uhusiano wake na wazazi halikuja bila gharama. Mzazi asiyelipa mshahara aliweza kusema, na wengi wamesema, kwamba sasa mtoto ni wa kaunti. Deni lilipoondoka, ile sababu moja ya kukutana nayo iliondoka, na nyingine haikuwekwa mahali pake.

*

Lalamiko linalosikika mara nyingi katika vyumba vya walimu vya nchi ya chai ni kwamba wazazi hawajali: unaitisha kikao, wanakuja nyanya watano na baba mmoja aliyekuwa akipita. Lalamiko hilo linastahili kutazamwa pamoja na saa.

Mchuna chai huingia shambani asubuhi kabla umande haujakauka. Katika mashamba makubwa analipwa kwa kilo. Mkulima mdogo anayeuza kwa kiwanda kilicho chini ya KTDA, shirika lililoanza mwaka 1964 kwa ajili ya wakulima wa aina yake, huchuna kichaka kilekile kila baada ya wiki moja au mbili, na siku ya zamu haiahirishwi, kwa sababu majani yakipita kimo hayapokelewi. Yakishachunwa yanapaswa kufika kiwandani siku hiyohiyo kabla hayajapata joto na kuharibika. Kwa hiyo mama anabeba mzigo hadi kituo cha kununulia majani, anapanga foleni, anasubiri karani apime, anasubiri lori. Mvua ya Kericho, ambayo hupenda kushuka mchana, mara nyingine na mawe, haimwondolei chochote katika hayo.

Kikao cha saa nne asubuhi, kwa mama huyo, kina bei. Anaweza kuitaja kwa kilo. Anapomtuma kogo, yaani nyanya ya mtoto, hajapuuza. Ametuma mtu anayemjua mtoto kuliko hata yeye, kwa sababu nyanya ndiye anayeshinda naye. Ni kosa la shule kumwona nyanya kama mbadala dhaifu wa mzazi. Katika nyumba nyingi za Belgut, mwenye habari za mtoto ni huyo.

Pesa za mwaka pia zina majira yake. Bonasi ya chai hulipwa mwishoni mwa mwaka wa mauzo, karibu na Oktoba, wakati mwaka wa shule unaelekea ukingoni, na Januari, mwezi wa sare na mahitaji mapya, huwakuta wengi mifuko imeshanyauka. Mwalimu aliyekulia hapa anayajua yote hayo bila kuambiwa. Kalenda ya shule haiyajui.

Katikati ya hali hiyo ukaja mtaala wa umilisi, CBC, ulioanza kutumika kitaifa mwaka 2019, PP1 na PP2 zikiwa miongoni mwa madarasa ya mwanzo. Mtaala huo unamtaja mzazi kwa uzito kuliko mtaala wowote uliotangulia: ushirikishwaji wa wazazi umeandikwa kama kanuni elekezi mojawapo. Unasema pia kwamba katika miaka ya mwanzo mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake, ambayo katika vijiji vya Sosiot ni Kikipsigis. Kwenye karatasi hayo ni mambo mazuri mno. Nyumbani yalifika kwa sura ya orodha ya vitu vya kupeleka shuleni kesho, picha za kuchapisha mjini usiku, na kazi ambayo mzazi aliifanya mwenyewe huku mtoto amelala. Kwa mara nyingine mzazi aliitwa kutoa.

Kuhusu lugha, mgongano ni mchungu zaidi kwa sababu pande zote mbili zinamtakia mtoto mema. Mzazi anaona mtoto wa jirani anayesoma akademi akisema "good morning" barabarani, na wake aliye katika chekechea ya umma anaimba Kikipsigis na kucheza na mawe. Anauliza: huyu anasoma nini? Mwalimu anayejua thamani ya mchezo anashindwa kujieleza bila kuonekana mvivu, na mara nyingi anasalimu amri: anawapa watoto wa miaka minne kurasa za kunakili herufi, ili daftari lionekane limejaa. Anayepoteza ni yule mtoto wa kimya, ambaye kwa Kikipsigis angeanza kufunguka.

*

Mtu anaweza kudhani dawa ni kuwafundisha wazazi. Waitwe, waonyeshwe umuhimu wa mchezo, waelewe. Ghana ilijaribu, na matokeo yake yanafaa kusomwa na kila afisa wa elimu wa kaunti. Katika jiji la Accra na viunga vyake, Sharon Wolf na wenzake walifuatilia shule 240 katika mwaka wa masomo wa 2015/2016. Kundi moja la shule lilipata mafunzo ya walimu: namna ya kufundisha kwa mchezo, namna ya kuongoza darasa bila ukali. Kundi la pili lilipata mafunzo hayohayo pamoja na mikutano ya wazazi, ambako walionyeshwa video juu ya mchezo na malezi na jinsi ya kuwasiliana na shule. La tatu liliendelea kama kawaida. Pale walimu walipofundishwa peke yao, watoto walisonga mbele katika hesabu, kusoma na kuishi na wenzao. Pale mikutano ya wazazi ilipoongezwa, faida hiyo kwa watoto ilififia.

Matokeo hayo hayasemi kwamba wazazi waachwe nje. Yanaonyesha mikutano ya aina gani haifai. Wazazi waliletewa habari iliyokwisha kuamuliwa, kwa video, kuhusu watoto wao wenyewe. Imani yao juu ya kusoma ni nini, na juu ya nidhamu, haikuulizwa.

Ipo njia iliyoenda kinyume, na ilianzia hapahapa Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viongozi wa Kiislamu wa Mombasa walisikitika kuona watoto wao wakiachwa nyuma katika darasa la kwanza, wakaomba msaada wa Aga Khan. Bi Swafiya Said, mwalimu wa siku nyingi, akaongoza kazi ambayo mwaka 1986 ilizaa mradi wa shule za awali za Madrasa, uliofika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993, na baada ya muda ukawa na zaidi ya shule mia mbili katika nchi hizo tatu. Mradi haukujengea mtu shule. Ulikaa na mtaa kwa miezi, ukasikiliza wanataka nini, ukafanya nao mapatano juu ya nani atafanya lipi. Mtaa ulichagua wanawake wake wenyewe wafundishwe ualimu, ukaunda kamati, ukamiliki shule. Wazazi walitaka dini, na dini ikawemo. Walimu walitaka mchezo, na mchezo ukawemo, kwa vifuu, makombe na vizibo vya chupa vilivyookotwa na akina mama. Nyimbo zilikuwa za Kiswahili ambazo mabibi walizijua. Mzazi aliyeokota vizibo vile na kusikia mtoto wake akivihesabu hakuhitaji video.

Sosiot haina haja ya kuiga mradi wa pwani neno kwa neno. Inachoweza kuchukua ni mpangilio wa mazungumzo: mtaa kwanza, mapatano, kisha mwalimu anayetoka mle. Cha mwisho tayari kipo, kwa kuwa walimu wengi wa chekechea katika vijiji hivi wamezaliwa humohumo.

Kuna jambo moja ambalo mapatano hayo yangepaswa kulisema wazi, nalo ni fimbo. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, na Katiba ikaongeza uzito. Hata hivyo wapo wazazi wanaomleta mtoto mlangoni na kumwambia mwalimu amchape tu akikosa, ruhusa anayo. Mzazi anasema hivyo kwa nia ya kuunga mkono. Ni namna ya kusema: nakuamini kama mimi mwenyewe. Mwalimu anayeikataa ruhusa hiyo anahitaji kuikataa kwa heshima, na kuonyesha kwamba imani imepokelewa, la sivyo mzazi ataondoka akidhani amekataliwa yeye. Kwa mtoto ambaye tayari ameinamisha kichwa, fimbo humaliza kabisa hamu ya kufungua kinywa.

Na kufungua kinywa mapema, yaani kuwa na uhusiano mzuri na mwalimu tangu mwanzo, kuna maana kubwa. Bridget Hamre na Robert Pianta waliwafuatilia watoto 179 huko Marekani tangu chekechea hadi darasa la nane, wakachapisha matokeo mwaka 2001. Mahali ambapo mwalimu wa chekechea alielezea uhusiano wake na mtoto kuwa wa mivutano au wa kung'ang'aniwa mno, mtoto huyo alielekea kuwa na matokeo mabaya zaidi ya masomo na tabia miaka mingi baadaye, hata baada ya kuzingatia uwezo wake wa mwanzo. Mwaka mmoja na mwalimu mmoja. Kuna mahali ambapo uhusiano huo ulipelekwa hadi nyumbani: katika shule ya awali ya Perry huko Ypsilanti, Michigan, miaka ya 1960, mwalimu alitembelea nyumba ya kila mtoto mara moja kwa wiki, kwa saa moja na nusu, na ziara hizo zilihesabiwa kuwa sehemu ya kazi yake ya kulipwa. Watu husifu mafanikio ya watoto wa Perry walipokuwa watu wazima, wakasahau zile saa za mchana ambazo mwalimu alikuwa amekaa jikoni kwa mama.

Hakuna kaunti ya Kenya inayoweza kulipia ziara ya kila wiki kwa kila mtoto. Mwalimu wa chekechea anayetembea kwenye matope kutoka boma hadi boma baada ya kazi, kwa mshahara anaoupata, ataombwa jambo lisilo la haki. Lakini kati ya ziara ya kila wiki na kikao cha mara moja kwa muhula kuna nafasi kubwa iliyo tupu.

Wiki ya kwanza ya Januari inaweza kutumika kuuliza. Anayemleta mtoto, awe mama, baba, kogo au dada mkubwa, aulizwe maswali machache na majibu yaandikwe: anaitwaje nyumbani, anacheza na nani, ni kazi gani anaifanya bila kuambiwa, anaogopa nini, anapenda kusimuliwa na nani. Swali la kazi ndilo kubwa kuliko yote. Mwalimu akishajua kwamba mtoto huyu wa kimya ndiye anayefungia ndama kila jioni, anaweza kumpa darasani kazi kabla ya kumpa swali. Agawe vikombe vya uji. Ahesabu, kwa kugawa, bila kutamka. Akishazoea, aeleze mwenzake jinsi ya kugawa, maana kwa mwenzake ulimi hauna kufuli. Maneno mbele ya mwalimu yatafuata kwa wakati wake. Hayo hayahitaji fedha. Yanahitaji mwalimu aruhusiwe na wakaguzi wake kuhesabu kugawa uji kuwa somo la hesabu, jambo ambalo CBC inaliruhusu.

Nyanya aitwe kusimulia ngano kwa Kikipsigis, na usimulizi huo uhesabiwe kwenye ratiba kama kipindi cha lugha. Mzazi anayehofia Kiingereza atapunguza hofu akiona kwamba mtoto aliyeisikiliza ngano anaweza kuisimulia upya mbele ya watu, ile kazi iliyowashinda watoto wa Kokwet mbele ya wageni.

Na kikao kihamishwe. Saa tisa au kumi jioni, siku ya zamu ya kuchuna, nusu ya wazazi wa kijiji wako mahali pamoja tayari, wamesimama na mizigo yao kwenye kituo cha kununulia majani wakingoja lori. Mwalimu akifika pale mara moja kwa mwezi, akiwa na daftari lake la yale ambayo kila mtoto ameyaweza, atawapata mama na baba ambao hajawahi kuwaona shuleni, na atazungumza na mmojammoja bila kumpotezea mtu yeyote kilo. Kamati za vituo hivyo huchaguliwa na wakulima wenyewe. Ruhusa inaweza kutolewa pale pale. Kaunti itakachopaswa kufanya ni kuihesabu jioni hiyo kuwa saa za kazi, na kumlipa mwalimu.